Gilasi Zilizofukizwa Ubani

Vijana wa ghalani, siku ya kuniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na swali. Keki tuliila palepale, saa imekwishasimama, swali bado ninalo. Mliniuliza niliwezaje kukaa na mvinyo umri wangu wote wa kazi bila kuuonja hata tone. Nilicheka nikasema nitawaandikia, nikidhani mtasahau. Hamkusahau, na mimi nina nafasi sasa, kwa hiyo someni.

Kwanza mjue kwamba kazi hii sikuiomba. Niliomba kazi ya nguo za vitandani. Hoteli ilikuwa mpya, sisi wasichana tuliorudi na wazee wetu kutoka Unguja tulikuwa tukitafuta kazi kila mahali Maskati, na mimi nilijua kupiga pasi. Siku ya kwanza bwana mmoja alinitazama, akauliza kama nimeolewa, kama najua kuhesabu, kama nakunywa. Swali la tatu lilinishtua, nikatikisa kichwa. Akanitia mkononi funguo za ghala la mvinyo. Nilizishika kama mtu aliyetiwa kaa la moto kiganjani.

Baadaye ndipo nilipoelewa hesabu yao. Walinzi wawili wa mwanzo walikuwa wanywaji, na chupa zilikuwa zikipungua kila mwezi bila mgeni kuziagiza. Hoteli ikaona bora funguo zikae kwa mtu ambaye dini yake imekwishamfungia mlango. Ikawa ndiyo ada ya nyumba ile, na mpaka leo ndiyo ada: funguo hushikwa na asiyekunywa.

Nyumbani nilisema nimepata kazi ya ghala. Mama akauliza, "Ghala la nini?" Nikasema la vinywaji. "Vinywaji gani?" Vya wageni, Mama. Yule mama ambaye alikuwa na neno kwa kila kitu, alinyamaza wiki nzima, na tangu hapo viatu vyangu vya kazini vikawa vinalala nje ya mlango. Baba, Mungu amrehemu, alisema jambo moja: "Zeyana, amana ni amana. Lakini mkono wako usimimine." Sikumimina. Sikuwa na raha kamili pia, na sitawadanganya kuwa nilikuwa nayo. Kila Ramadhani nilikuwa nikijiuliza, na kila Shawwal nikirudi kazini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Lobo, mnunuzi na mwonjaji wa mvinyo wa hoteli, Mgoa aliyezaliwa Unguja, mtaa wa pili na nyumba ya babu yangu. Alikuwa mfupi, msafi, na akizungumza Kiswahili cha mjini kuliko mimi. Aliuita mvinyo wake "watoto". Alinionesha kwamba chupa hulazwa, haisimamishwi, ili kizibo kisikauke. Kwamba chumba kiwe na giza, ubaridi usiobadilika, na kimya, maana mtikiso huamsha mashapo yaliyolala chini. Kazi yetu, alisema, ni kukaa na kitu kisichosema mpaka mtu mwengine aje kukifungua. Mimi sikuona ugumu wake. Nilikuwa na shangazi wa namna hiyo.

Ugumu ulikuja siku ya tatu. Nilifika nimevaa vizuri, mtandio nimeufukiza udi kama mwanamke yeyote wa kwetu anayetoka nyumbani kwake. Mzee Lobo alikuwa ndani, akageuka kabla sijafunga mlango.

"Bi Zeyana, umefukiza nguo?"

"Kila siku n'nafukiza, Mzee Lobo. Kwani nitoke kama maiti?"

"Basi kuanzia kesho utatoka kama maiti. Humu haingii udi, haingii asumini, haingii mafuta mazuri. Anayekuja kunusa kizibo hapa asinuse harusi yenu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nililia njiani, nasema kweli. Nyinyi wa Kampala na Kerala pengine hamjui hili ni jambo gani. Kwetu mwanamke asiyenukia ama yumo edani, ama kagombana na mumewe, ama hana adabu. Nilipokwisha kuolewa, nilikwenda harusini Seeb nikitoka kazini, mawifi wakaniinamia kunibusu, wakainuka wakitazamana. Mmoja akamuuliza mama yangu kwa sauti ya chini kama kuna msiba ambao hawakuambiwa. Mume wangu alistahamili, kisha akazoea, kisha akawa anafukiza kanzu yake yeye na kuniacha mimi mlangoni. Siku za mapumziko tu ndizo nilizokuwa mtu.

Lakini pua ilikaa sawa. Kijana anayetaka kazi hii aijue pua yake kabla ya kujua majina ya Kifaransa. Mimi majina hayo nayatamka vibaya mpaka leo, na hakuna chupa iliyolalamika.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitataja moja ili mjue ninachokisema. Zamani mizigo ilikuwa ikishuka Bandari ya Sultan Qaboos, kabla pale hapajawa pa meli za watalii. Mwezi wa sita, jua linapasua mawe, gari la baridi lilitoka bandarini asubuhi na kufika kwetu baada ya adhuhuri. Dereva alisema foleni. Foleni gani hiyo, nikamwuliza, na machozi ya chai bado yamo kwenye kanzu? Alikuwa kasimama Wattaya kutazama magari mapya kwenye vioo vya maduka, kazima injini na mtambo wa baridi pamoja nayo. Tulipofungua, vizibo vilikuwa vimejitokeza na mvinyo umetiririka kwenye shingo za chupa. Mzee Lobo alikaa chini sakafuni. Sijapata kumwona mwanamume mzima akikaa namna ile ila makaburini.

Katika mzigo ule yalikuwemo masanduku machache ya mbao, yaliyopakiwa ndani kabisa, na hayo yalinusurika. Yalikuwa ya shamba dogo la familia huko Ufaransa. Mzee Lobo alinieleza kwamba mwenye shamba huipogoa mizabibu kwa mkono wake, mkewe hupiga misumari masanduku, na bintiye mdogo hubandika karatasi za jina kwenye chupa. Ya binti nilikwishayajua bila kuambiwa. Karatasi zote zilikuwa zimekwenda upande, nyengine zimepanda bega, nyengine zimeteremka kama suruali ya mtoto. Tukaziita chupa za kombo. Mvinyo wake ulikuwa mwekundu wa kukolea, na Mzee Lobo, ambaye alikuwa akionja nusu kijiko na kutema, siku alipouonja huo alisahau kutema. Alinikataza nisimwambie mtu. Amekwishakufa, kwa hiyo nasema.

Wahudumu hawakuzipenda chupa hizo. Wakisema utamwekaje mgeni wa heshima mbele ya karatasi iliyopinda. Kwa hiyo ziliuzika polepole, na mbili za mwaka ule zikabaki nyuma ya rafu ya chini. Mzee Lobo alistaafu akaniachia kazi yote, na zile mbili nikawa nazigeukia kila ninapofagia, nazimulika tochi, naziacha. Miaka ikapita juu yazo na juu yangu.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe, nanyi wengine mlikuwepo.

Meneja wetu wa mwisho, sitamtaja jina, aliniita akaniambia kuna mwanamke Mfaransa anatafuta chupa za mwaka ule duniani kote. Ni bintiye mwenye shamba. Baba yake amefariki, na waombolezaji, bila kujua, walikunywa chupa za mwisho zilizokuwa nyumbani. Kaka yake anataka shamba liuzwe kwa kampuni kubwa. Anasema mvinyo wa baba yao haukuwa wa kudumu, ulikuwa wa kunywewa upesi na kusahauliwa. Dada akasema hatatia saini mpaka aonje mmoja wa zamani. Mvinyo ukiwa hai, shamba haliuzwi. Ukiwa umekufa, atasaini. Meneja akamjibu kwamba sisi tunazo mbili, na angeweza kuzituma. Yule mwanamke akasema mvinyo mzee hausafirishwi, husafiri mtu.

Akaja. Jina lake Odile, mwanamke wa makamo, viatu vya shamba, mikono imekwaruzika. Nilipomtolea chupa ya kwanza akaitazama ile karatasi ya kombo, akaweka kidole juu yake, akacheka kwa pua. "Nilikuwa na miaka saba," akasema. "Baba alikuwa akinilipa kwa peremende." Nikamwambia kwamba karatasi zake ndizo zilizoziokoa chupa hizi, maana hakuna aliyezitaka mezani. Akanishika mkono, na tangu hapo nikawa na hofu kwa ajili yake kama ndugu.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, watu wachache, meza imetandikwa upande wa bahari. Mimi kazi yangu ilikwisha mlangoni pa ghala. Mhudumu aliizibua chupa, akanipa kizibo ninuse, nikanusa: kizima, safi, kinanukia mbao na matunda makavu. Nikamshukuru Mungu, ingawa si mahala pake. Akaenda kuumimina kwenye jagi la kioo pale chumba cha vyombo, ili upumue. Nikamfuata nyuma, niko mlangoni tu.

Ndipo nilipopata harufu. Nilisimama. Nilidhani ni nguo zangu, nikanusa mtandio wangu kama mwendawazimu. Si mimi. Ilikuwa ubani, ubani mzuri wa Dhofar, na ulikuwa unatoka kwenye jagi. Mvinyo ulikwishaingia wote. Nikaingia, nikainua bilauri ya kwanza pale mezani, ubani. Ya pili, ubani. Miaka yote ile nimetoka nyumbani kama maiti, kisha siku hii moja, kwa chupa hii moja, mtu kafukiza vyombo.

Mwenye kabati la bilauri alikuwa Scovia, msichana wa Uganda, mpya kwetu, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani kabla ya kuja hotelini. Alikuwa amesimama kando na tabasamu, anasubiri kusifiwa.

"Scovia, nani kafanya hivi?"

"Ni mimi, Mama Zeyana. Walituambia leo kuna mgeni mkubwa sana. Kwa madam wangu wa kwanza, huko Seeb, mgeni mkubwa akikuja lazima gilasi zifudikizwe kwa moshi. Alisema hiyo ndiyo heshima ya Oman." Tabasamu likaanza kufifia. "Nimefanya vibaya?"

Madam wake alimfundisha sawasawa. Mama yangu alifanya hivyohivyo. Maji ya mgeni kwetu hayanywewi ila kwenye chombo kilichofukizwa. Angekuwa mkwe wangu ningembusu.

Meneja aliingia, akanusa, akabadilika rangi. Akatufungia mlango. Alichokisema nitakiandika kama kilivyo. Alisema tumwambie Bibi Odile chupa ilikuwa imeharibika. Tuseme mvinyo ulikuwa umekufa zamani, haya hutokea kwa mashamba madogo, tumeumwaga, tunasikitika. Ile ya pili tuseme ndivyo hivyohivyo. Hoteli haitajulikana kwa kufukiza mvinyo wa watu. "Na wewe," akamwambia Scovia, "khalas, imekwisha, kesho unarudi kwenu."

Nimefanya kazi na wazima na wabovu, lakini nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa ule ubani. Yule mwanamke alikuwa mezani anasubiri kuambiwa kama kazi ya baba yake ilikuwa na uhai. Tungemwambia haina, naye angesaini. Uongo wa dakika moja ungeuza shamba. Na Scovia alikuwa mbele yangu, nyuma yake mama mgonjwa na wadogo zake wanaokula kwa mshahara ule. Nikisema kweli, nimemsukuma mwenyewe kwenye ndege. Nilisimama na ulimi wangu mzito mdomoni, mimi ambaye nyinyi mnanijua kwa ulimi.

Mlango ukafunguliwa. Bibi Odile alikuwa amechoka kusubiri. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa Kiingereza kama kuna tatizo na mvinyo.

Meneja akafungua kinywa. Scovia akamtangulia.

"Madam, wine yako ni mzima. Ni mimi nimeiharibu. Niliweka jagi na glass kwa moshi ya ubani nikikupa heshima. Baba yako hana makosa." Akaanza kulia, lakini maneno aliyamaliza.

Bibi Odile akaliinua jagi, akaingiza pua, akafumba macho. Akanigeukia, akauliza heshima hiyo ni nini. Nikamweleza, kwa Kiingereza changu cha ghalani, kwamba kwetu unapompenda mgeni huanzi na chakula, unaanza na chombo chake. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kuna chupa nyengine.

Chupa ilikuwepo, chombo hakikuwepo. Tuliosha bilauri moja kwa maji ya moto, tukaifuta, tukainusa: ubani bado umekaa kama mpangaji. Kabati zima lilikuwa hivyo. Nikamwuliza meneja kama ana bilauri nyengine, akainua mabega. Basi nikatoka mbio, na mtu mzima wa umri wangu akikimbia hotelini watu hudhani moto, nikaenda kantini ya wafanyakazi, nikarudi na gilasi za chai. Zile nene, fupi, zilizochakaa kwa sukari. Meneja akasema, "Hapana, haiwezekani." Bibi Odile akainyakua moja mkononi mwangu.

"Baba hakupata kuunywa kwa chombo chengine," akasema.

Chupa ya pili ilizibuliwa palepale, kwenye meza ya vyombo. Aliimimina mwenyewe, bila jagi, taratibu, akaacha mashapo chini. Akanusa. Akanywa kidogo. Sikuweza kumtazama usoni, nikatazama koo lake. Likapanda, likashuka. Akaweka gilasi chini, akatoa simu, akampigia kaka yake. Kifaransa sikijui, lakini "non", hapana yao, naijua, na aliisema mara nyingi, ya mwisho kwa sauti ndogo kabisa, huku machozi yanamwagika na haangaiki kuyafuta.

Alipomaliza alitaka tunywe naye. Akamsogezea Scovia gilasi. Scovia akasema samahani, yeye ni mlokole, hajawahi. Akanisogezea mimi, nikasema hata mimi. Akatutazama kwa mshangao wa kweli.

"Basi ni nani aliyenitunzia?"

"Sisi," nikamwambia. "Tusiokunywa."

Alikaa juu ya kreti akacheka mpaka akashika mbavu. Alipoondoka alichukua gilasi ya chai, akaifunga ndani ya soksi, akaniachia mimi bilauri mojawapo iliyofukizwa.

Asubuhi yake meneja alikuwa bado na karatasi za kumrudisha Scovia. Nilidhani lile lilikwisha na machozi ya jana, kumbe mwenzangu analala na kuamka na neno lake. Nikaingia ofisini kwake bila kubisha, nikaweka funguo mezani. Nikamkumbusha kwamba nastaafu karibuni na kwamba hajapata mtu. Nikamwambia mtu yupo. Hanywi, na jana alisema kweli iliyomponza wakati uongo ulikuwa umekwishaandaliwa kwenye sahani. Akaniambia yule ndiye aliyefukiza vyombo. Nikasema ndiyo, na katika watu wote wa hoteli hii ndiye peke yake ambaye hatarudia. Hakukubali kwa wema, mnamjua, alikubali kwa kukosa mwengine. Lakini alikubali.

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Kulaza chupa, tochi, kimya. Siku ya tatu alifika amejipulizia manukato ya dukani mpaka macho yakaniwasha, nikamgeukia kabla hajafunga mlango, nikasikia maneno ya Mzee Lobo yananitoka mdomoni kama yalivyo. Alilia kidogo. Nilimwacha alie.

Sasa niko nyumbani kwangu, mtaa wa Hail. Nafukiza asubuhi, nafukiza jioni, mawifi wamefurahi kwamba nimefufuka. Ile bilauri ya Bibi Odile naifudikiza juu ya chetezo, kisha nanywea maji. Scovia huja Ijumaa, siku yake ya mapumziko, akiniletea habari za ghala na ndizi za kupika. Ijumaa iliyopita alibisha hodi chetezo kikiwa kinawaka. Nikamwambia, "Ingia, mwanangu, jua kali."

Hakuingia. Alikaa barazani, kwenye joto lile, mkoba wake mapajani, akingoja moshi uishe.

"Kesho niko na zamu, Mama," akasema.

Nilibaki nimeshika pazia, nimeshtuka, sijui nicheke au nilie. Kisha nikakimwagia maji chetezo, nikafungua madirisha yote, nikatoka kukaa naye nje.